Asali ya Tende kwenye Tairi

Kule Karantina, Jeddah, nilikopanga chumba na wanawake wenzangu wa Kenya nikingoja karatasi zangu za kurudi nyumbani, jioni zetu zilikuwa za kusimulia mabaya ya mabosi. Kila mmoja alikuwa na madam wake. Kulikuwa na madam aliyefunga friji kwa kufuli, na mwingine aliyemwamsha mtu usingizini aje ampashie maziwa. Hadithi hizo zilikuwa za kweli, na nyingine ziliuma hata kuzisikia. Zamu yangu ilipofika nikasema kwamba madam wangu wa Riyadh nilimheshimu, na ya kwamba sababu ni trekta.

Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka.

"Huyu wamemroga," mmoja akasema. "Trekta imetoka wapi na wewe ulikuwa wa jikoni?"

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Nimelelewa Kinangop, mahali ambapo ukimsifu mtu mbele yake atadhani unataka kumkopa. Na madam yule alikuwa na mdomo, sitaficha. Pasipoti yangu aliifungia kabatini mwake, na alama moja ya kidole kwenye glasi ya chai ilitosha kumfanya apige kelele nyumba nzima isikie. Lakini jambo la haki ni la haki, hata likimhusu aliyekufungia pasipoti.

Familia ile ilikuwa na nyumba ya zamani karibu na Shumaisi, Riyadh, na shamba dogo la mitende nje ya mji. Majira ya baridi, shule zikifungwa, tulihamia shambani: madam, watoto wake wadogo, mimi, na mama yake madam aliyekuwa mkongwe. Huyo tulimwita Mama Kabiri, yaani mama mkubwa, kama wasichana wa kazi wanavyowaita mabibi wa nyumba kule. Kazi yangu kubwa ilikuwa yeye. Nilimuosha, nilimvisha, nilimlisha, nilimfulia. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, akiona mwanga na kivuli basi. Baba, yaani mume wa madam, alikuwa Jeddah kikazi na gari lao kubwa alikuwa nalo huko.

Shambani kulikuwa na Mkenya mwenzangu, mwanamume wa Bungoma, niliyemwita kaka ingawa hatukuwa na undugu. Yeye ndiye aliyeendesha trekta. Ilikuwa ndogo kweli. Kwetu wangeiita mtoto wa trekta na kuuliza mama yake yuko wapi. Lakini ililima, ikavuta trela ya samadi, na kaka aliipangusa kila jioni kama anayempangusa kamasi mwanawe.

Mwaka huo mvua ilinyesha. Mtu aliyezoea mvua za kwetu hawezi kujua maana ya sentensi hiyo. Watu walitoka nje wakasimama wanyeshewe, watu wazima wenye akili zao. Ilinyesha ikapita, na kaka akaja kutuambia kwamba ng'ambo ya shamba, katika bonde tambarare, maji yalikuwa yametuama.

Mama Kabiri alisikia. Akaniita, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Alizaliwa ndani ya hema kando ya bonde lile. Maji yale yalikuwa yakija baada ya miaka, yanakaa kidogo, yanaondoka. Alitaka kupelekwa pale yangali yapo. Hakutaka kitu kingine. Hata chakula hakukitaka, alikuwa anakitema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikimfungulia dirisha, aliniuliza kabla ya salamu, "Maji bado yapo?" Nami nilimjibu kulingana na aliyoniambia kaka, ambaye alipanda kilimani kila alfajiri kutazama. Bado yapo, Mama Kabiri. Yapo, lakini yamepungua. Yamepungua tena.

Kaka zake madam walikuja na magari yao makubwa, wakaingia bondeni wakijisifu, wakakwama wote. Mchana kutwa walichimba. Walipotoka walikuwa wekundu kwa matope hadi kwenye kope, wakasema mama angoje pakauke.

"Pakikauka," madam akawauliza, "atapelekwa kuona nini?"

Wakapanda magari yao, wakaenda zao. Baba alipopiga simu kutoka Jeddah alisema vilevile: ngojeni, nami narudi mwisho wa wiki kuwachukua, shule zinafunguliwa. Madam akamwambia inshallah. Ilikuwa ile inshallah ya mtu ambaye ameshaamua la kwake. Akakata simu, akavaa viatu vya shambani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye trekta.

Hapo ndipo mimi na kaka tulipojitia ujuaji. Sisi ni watu wa tope. Mimi baba yangu alikuwa dereva wa trekta ya chama cha ushirika, nilikaa mapajani mwake kabla sijajua kusoma. Kaka naye alilelewa katika mashamba ya miwa. Tuliona hapakuwa na Mwarabu wa kutufundisha tope.

"Trekta ikiteleza unaiongezea uzito," kaka akamweleza madam kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. "Unaivisha cheni. Inauma ardhi, inaenda. Halas, imekwisha."

Madam akasema kwamba kaka zake, wakiingia mchangani, hutoa upepo kwenye tairi.

Mimi na kaka tukatazamana. Kwetu, mtu anayeendesha tairi iliyopungua upepo hupigiwa kelele na kila mpita njia. Hata watoto wanamwambia. "Mafi, hapana, madam," kaka akasema kwa upole, kama anayemkataza mgonjwa chumvi. "Tairi itakatika." Nami nikatikisa kichwa kumuunga mkono.

Na moyoni nilijiuliza, hao kaka zake walikwama vipi kama upepo ndio dawa? Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile hawakutoa. Walikuwa na haraka ya kuonyeshana.

Basi tukafunga cheni kwenye tairi za nyuma, tukapakia magunia ya mawe, tukashuka. Trekta iliuma ardhi kama kaka alivyoahidi. Shida ni kwamba ardhi ile haikuwa ya kuumwa. Juu palikuwa na tope jembamba lenye utelezi, na chini yake mchanga uliolowa. Cheni zilipasua lile tope la juu, magunia yakaisukuma trekta chini, na kufumba na kufumbua ikawa imekalia tumbo. Tuliichimbua kwa majembe na magogo ya mtende. Madam alichimba pamoja nasi. Nilitazama mikono yake ikishika jembe, nikaona kumbe mikono ile ina uzoefu, ila ulikuwa umefichwa na manukato.

Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Sasa?"

Kaka akakumbuka kwamba kwao, wakilima palipo na utelezi, hujaza maji ndani ya tairi za nyuma. Uzito unakaa chini, hauyumbishi trekta, na cheni hazihitajiki. Lakini asubuhi zile birika la kunyweshea mbuzi lilikuwa likifanya utando wa barafu, na sisi wa Kinangop tunajua sakitu, ile baridi ya barafu, inavyounguza viazi. Kaka aliogopa maji yataganda ndani ya tairi.

Madam akafikiri. Kisha akaingia jikoni, jikoni kwangu, akafungua friji ya kugandishia, akatoa chupa ya asali ya tende iliyokuwa imelala humo tangu Ramadhani. Akaiinamisha mbele yetu. Asali ikashuka polepole, nyeusi, ikimetameta.

"Hii haigandi," akasema. "Na ni nzito kuliko maji."

Chupa ile nilikuwa nikiisogeza kila siku kutafuta nyama. Kila siku! Sikuwahi kuiona kama kitu cha kufikiria. Nilimtazama yule mwanamke amesimama na chupa mkononi, nikajisemea, huyu ana kichwa.

Na ghalani palikuwa na mapipa ya asali ya tende ya zamani, iliyoungua wakati wa kupikwa, isiyoweza kupewa mgeni. Ilikuwa nzito mno kupita kwenye tundu la tairi la kutilia upepo, kwa hiyo kaka akaipasha moto, akaichanganya na maji vuguvugu mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa. Tuliinua pipa juu ya trela, tukateremsha mpira wa maji, na madam akapiga magoti chini akishikilia mdomo wa mpira kwenye tundu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini sikuwahi kumwona mwenye nyumba akiinama hivyo. Alikaa pale mchana mzima. Asali ilimfika kwenye viwiko, nzi wakamfuata, na aliponipigia kelele nimfukuzie sikukasirika hata kidogo.

Tulipovua cheni na kushusha magunia, trekta ilikwenda vizuri zaidi, hilo nakiri. Ilifika karibu nusu ya bonde bila kuyumba. Halafu tairi zikaanza kuzunguka bure na kuchimba, kaka akarudi nyuma haraka kabla haijazama. Tulijaribu tena kesho yake, tukaishia palepale. Tairi zilikuwa ngumu, zinasimama juu ya ncha zake kama mwanamke aliyevaa viatu vya harusi shambani. Na kila alfajiri kaka alishuka kilimani na habari ileile: yamepungua.

"Bado yapo?" Mama Kabiri aliuliza.

"Yapo," nikasema. Sikusema tena ni kiasi gani.

Asubuhi moja kaka akaniita kwa sauti ya chini, nikiwa naanika nguo. "Dada, njoo. Njoo peke yako."

Tairi za nyuma zilikuwa zimevimba. Nilizigonga kwa ngumi, ngumu kama jiwe, na hakuna aliyezitia upepo. Kaka akafungua kifuniko, akabonyeza kile kipini cha ndani kwa njiti ya kiberiti. Ikalia psss, povu likatoka, na harufu ikatupiga usoni.

Ilikuwa harufu ya harusi. Ilikuwa harufu ya matanga, ya Krismasi, ya wazee wamekaa na mirija yao. Kaka alinitazama, macho yamemtoka.

"Dada," akasema, "hii ni busaa."

Kitu kitamu, maji vuguvugu, chombo kilichofungwa, jua la mchana. Nyanya yake mwenyewe alikuwa mpishi wa pombe, na yeye ndiye aliyekoroga. Tumepika pombe Saudia, ndani ya tairi ya bosi! Watu walikuwa wakifungwa kwa chupa moja, sisi tulikuwa na tairi mbili. Niliingiwa na hofu, na papo hapo kicheko kikanipanda, nikaziba mdomo kwa shuka nililokuwa naanika.

Ndipo madam akatokea.

"Ni nini?" akauliza. Akainama, akanusa. Akakunja uso, akanusa tena. Mwanamke yule hakuwahi kunusa pombe maishani mwake.

"Imekuwa siki," akasema.

"Naam, madam," kaka akajibu mbio. "Siki. Siki kabisa."

"Itoeni hiyo hewa yote kabla haijapasua."

Tulibonyeza mpaka sauti ya psss ikaisha na harufu ikaenda na upepo. Tairi zililegea, zikatandaza matako chini kama mama aliyekaa kupepeta mchele. Kaka alitaka kuzijaza upepo safi, lakini pampu ilikuwa ndani ya gari la baba, na gari la baba lilikuwa Jeddah. Akasimama akiona haya, mikono kiunoni.

"Jaribu hivyohivyo," madam akasema.

Kaka alipanda kama mtu anayepelekwa hospitali. Akaingia bondeni. Akafika pale nusu tulipokuwa tukikwamia, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshapita. Trekta ilikuwa ikitembea juu ya tope bila kulipasua, polepole, haina wasiwasi. Akazunguka, akarudi, akashuka, akachuchumaa kutazama alama za tairi. Zilikuwa pana, na hazikuzama. Uzito ulikuwa chini tulikouweka, na upepo ulikuwa umetoka kama madam alivyosema tangu siku ya kwanza.

Nilingoja aseme. Mimi ningesema. Ningesema siku hiyo, na kesho yake, na ningempigia shangazi simu nimweleze. Madam alitazama alama zile, akatutazama sisi wawili, watu wa tope, akajifunga ushungi vizuri.

"Yalla," akasema. "Mleteni mama."

Nimeishi na watu wengi na nimeona wachache wanaoweza kunyamaza namna ile.

Tulitandika godoro kwenye trela. Kaka alipaswa kutangulia kwa miguu na fimbo akipima ardhi ngumu, na mtu mmoja akae nyuma amshike Mama Kabiri. Nilidhani usukani utakuwa wangu, nikaanza kupandisha gauni. Madam akanipita akapanda yeye. Miaka ile sheria haikumruhusu mwanamke kuendesha gari mjini. Nilikuwa nimemwona kila siku Riyadh akiketi kiti cha nyuma na mkoba wake, akingojea dereva afungue mlango. Kumbe baba yake alimfundisha pikapu akiwa msichana, hukohuko mchangani, ambako hakuna aliyekuwa akitazama. Aliweka gia ndogo, hakukanyaga mafuta kwa pupa, na kila kaka alipopaza sauti "Shwaya, shwaya, polepole, madam!" alipunguza kabla hajamaliza kusema. Mgongo wake ulinyooka. Nilijivunia kana kwamba nimemzaa mimi.

Mama Kabiri alilala kifuani kwangu, amefunikwa mablanketi. Aliinua kichwa mara moja.

"Nani anaendesha?"

"Binti yako, Mama Kabiri."

Akasikiliza injini kidogo. "Mwambie asikimbie," akasema.

Maji yaliyobaki yalikuwa dimbwi. Sitalipamba: kwetu ng'ombe mmoja angelimaliza. Nilimfunga Mama Kabiri mgongoni kwa leso yangu, kama tunavyobeba watoto, nikashuka naye. Hakuwa na uzito wa kunisumbua. Madam alimvua viatu na soksi, tukamsimamisha ukingoni, mmoja huku na mmoja huku, na yeye mwenyewe akapiga hatua. Maji yalikuwa baridi ya kukata. Pindo la gauni lake likazama kwenye tope. Akainama tukiwa tumemshika, akachota kwa kiganja, akajipaka usoni, kwenye yale macho yasiyoona. Akakaa hivyo muda mrefu, akisema maneno madogomadogo ambayo hayakuwa ya kutuambia sisi.

Madam alilia bila kujificha. Mimi nililia pia. Mama yangu alikuwa Kinangop, na kwa miaka mingi mikono iliyomuosha haikuwa yangu.

Baba alirudi mwisho wa wiki kama alivyosema. Alipitisha mkono kwenye tairi, akauliza mbona zina sisimizi. Madam akamwambia ni siki. Hakuuliza zaidi, nadhani alimjua mke wake.

Lakini nimeruka asubuhi ile iliyofuata safari yetu, na hiyo ndiyo niliyowaeleza wanawake wa Karantina walipoacha kucheka. Niliingia chumbani kwa Mama Kabiri kama kawaida. Nikafungua dirisha, nikasimama nikingoja swali. Hakuuliza. Akaitikia salamu yangu, akaomba chai, akala mkate wote. Mwishowe nikashindwa kujizuia.

"Mama Kabiri, leo huulizi kama maji yapo?"

Akageuza uso upande wa dirisha, kwenye mwanga.

"Sasa yaache yakauke," akasema.

Nilipookota gauni lake la jana ili nikalifue, alisikia mshindo wa nguo, akanyoosha mkono. Hilo lisifuliwe, akasema. Nikalitundika nyuma ya mlango, pindo lake limekauka na tope la bonde. Alifariki kabla ya mvua nyingine. Siku madam aliponirudishia pasipoti yangu, tukiwa shambani tena, nilipita chumbani mle kuaga, ingawa hapakuwa na mtu wa kuagwa. Gauni lilikuwa bado linaning'inia. Mimi niliyefua kila kitambaa cha nyumba ile, hilo sikuwahi kuligusa.